Goti la Dadangu

Dadangu mdogo alishuka kwenye gari pale nyumbani Njoro, karibu na Nakuru, Kenya, akiwa ameshika mlango kwa mikono miwili. Ilikuwa Disemba, mahindi yameshavunwa, na Mama alikuwa amechinja kuku wawili. Alidhani ni uchovu wa safari. Kisha akaliona goti la kushoto, lililofura hadi suruali ikabana.

"Ulianguka wapi?"

"Sikuanguka, Mama."

Goti lilikuwa limemsumbua tangu Septemba. Linavimba wiki moja, linanywea, halafu linajaa tena. Anaishi Worcester, Massachusetts, akifanya kazi ya kuwatunza wazee majumbani mwao, na huko siku ya kwenda hospitali kwake ni siku isiyo na malipo, basi akawa analifunga bandeji na kumeza dawa za maumivu. Kilichomshangaza ni kwamba halikuuma kwa kadiri ya ukubwa wake. Lilikuwa zito, limejaa maji, halikunjiki. Jumapili ya kwanza kanisani hakuweza kupiga magoti, akabaki ameketi peke yake katikati ya watu walioinama.

Naandika haya kwa sababu najua si sisi tu. Hapa Nakuru ni nadra kukuta familia isiyo na mtoto, mpwa au jirani aliyeenda Marekani, na wengi wao wamejazana Massachusetts, kule Lowell na Worcester, au Minnesota. Ni sehemu zenye kazi. Ni sehemu pia zenye kupe wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria, na mtu anaweza kuumwa kule, akaugulia huku, mbele ya madaktari ambao hawana sababu yoyote ya kuufikiria.

Tulizunguka. Kliniki ya kwanza ilimtoboa kidole kutafuta malaria, haikuonekana. Ya pili ilipima taifodi na brusela, tukaambiwa brusela iko lakini si nyingi, akadungwa sindano kila siku kwa siku 7. Ya tatu ilisema ni jongo, aache nyama. Tata, dadake Mama, yeye alikuwa na hakika kwamba ni baridi ya theluji iliyoingia kwenye mfupa. Siwalaumu. Sisi ni watu wa maziwa na ng'ombe, brusela iko kwetu kweli, na daktari anayeanza na kilicho karibu anafanya kazi yake sawasawa. Ila kila mmoja alikuwa anatafuta ugonjwa wa Njoro ndani ya goti lililotoka Worcester.

Daktari wa nne, bingwa wa magonjwa ya ndani mjini Nakuru, alichomeka sindano akavuta maji ya goti, ya manjano na yenye ukungu, akayapeleka maabara kuhakikisha si usaha wala kifua kikuu cha mifupa. Alipokuwa akiandika, bila kuinua kichwa, akauliza: "Mwaka huu ulikuwa unaishi wapi, na nje ya nyumba ulikuwa unafanya nini?"

Hakuna aliyekuwa ameuliza hivyo. Na sisi, kusema kweli, hatukuwa tumesema. Dadangu akaeleza kwamba nyuma ya nyumba ya mzee anayemtunza kuna msitu, paa wanatoka humo kula maua, na mwezi wa Mei walikuwa wakikusanya majani makavu pamoja, yeye na huyo mzee, kwa sababu mzee alipenda kuwa nje. Daktari akaweka kalamu chini. Je, aliona upele wowote?

Hapo ndipo alipokumbuka. Nyuma ya goti lile lile kulitokea baka, kubwa kuliko kiganja, lenye rangi kama ya chubuko. Halikuwasha wala kuuma. Lilipanuka pole pole, likakaa wiki kama tatu, likafifia. Katikati yake alipata homa na maumivu ya mwili, kama mafua ya Juni. Alidhani ameumwa na buibui.

Hili la ngozi nataka kulikazia. Picha nyingi za baka la Lyme zimepigwa kwenye ngozi nyeupe, zikionyesha duara jekundu lenye kiini katikati, kama shabaha ya kulengea. Kwenye ngozi yetu wekundu unajificha. Baka laweza kuwa la zambarau, la kahawia, au kama mahali palipogongwa, na mara nyingi halina duara lolote la ndani. Ndiyo maana watu weusi Marekani huchelewa kugunduliwa na hufika kwa daktari ugonjwa ukiwa umeshaingia kwenye viungo. Ukiwa kule, ukaona baka linalopanuka siku 3 hadi 30 baada ya kuwa kwenye nyasi au msitu, lipige picha, weka shilingi kando yake ili ukubwa uonekane, na uende siku hiyo hiyo. Wakati huo huhitaji hata kipimo cha damu. Daktari anaanza dawa kwa kuliona baka, maana kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya kijidudu na ambayo kipimo huitafuta, huchukua wiki kadhaa kujitokeza na kipimo cha mapema mara nyingi husema huna kitu.

Jina Lyme ni la mji mdogo wa Connecticut. Mama alisikia "laimu" akafikiri limetokana na ndimu, na kwa siku mbili akaacha kumkamulia dadangu ndimu kwenye maji moto ya asubuhi, hadi tulipomweleza. Miaka ya 1970 mama mmoja wa mji huo, Polly Murray, aliona watoto wake na watoto wa majirani wakivimba magoti bila sababu. Aliandika daftari la dalili za familia yake, akawasumbua madaktari bila kuchoka, na mwaka 1975 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Allen Steere, akaanza kuchunguza. Naipenda sana sehemu hii. Ugonjwa huu ulijulikana kwa sababu mama hakukubali kuambiwa kwamba watoto wake hawana kitu.

Bakteria mwenyewe alipatikana baadaye, na matokeo yakachapishwa mwaka 1982. Aliyemwona ni Willy Burgdorfer, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Montana, na bakteria akapewa jina lake: Borrelia burgdorferi. Alikuwa akipasua kupe kutafuta kitu kingine kabisa, akaona ndani ya matumbo yao vijidudu vyembamba vilivyojisokota. Akavitambua kuwa ni spiroketi, bakteria wenye umbo la kujisokota, kwa sababu masomo yake ya uzamivu kule Basel aliyafanya juu ya papasi wa Afrika. Ndiyo, papasi, wale wanaojificha kwenye nyufa za nyumba za udongo na kumuuma mtu usiku akiwa amelala. Kiswahili kilishatenganisha kupe na papasi zamani, na homa ya papasi ina jina lake, homa inayopanda, inashuka, inarudi tena baada ya siku kadhaa. Inaletwa na Borrelia duttonii, ndugu wa bakteria wa Lyme. Kwa hiyo jambo lililotupiga sisi kama geni la ng'ambo lina jamaa yake hapa Afrika Mashariki.

Damu ya dadangu ilipelekwa Nairobi. Kipimo cha Lyme hufanywa kwa hatua mbili: cha kwanza kikisema ndiyo, cha pili kinahakikisha. Tulisubiri zaidi ya wiki mbili. Majibu yakarudi ndiyo, na ndiyo.

Nilivyoogopa siku ile, nilitegemea kusikia dawa inayoagizwa kutoka nje kwa bei ya shamba. Daktari akaandika antibiotiki iitwayo doksisaiklini, miligramu 100, mara mbili kwa siku, siku 28. Kapsuli zile zile ambazo kila kemisti hapa mjini inazo. Dozi nzima haikufika bei ya kilo moja ya nyama.

Nieleze jinsi matibabu yanavyopangwa, kwa sababu muda wa dawa unategemea ugonjwa umefika wapi, na watu wengi huchanganya hapa. Mwongozo uliotolewa mwaka 2020 na vyama vya madaktari bingwa wa Marekani unasema hivi: likiwa ni baka tu, doksisaiklini kwa siku 10 inatosha. Asiyeweza kuitumia anapewa amoksilini au sefuroksimu kwa siku 14. Azithromaisini ipo kwa yule ambaye hizo zote hazimfai, lakini ni chaguo la nyuma. Ukifika kwenye viungo, kama goti letu, ni vidonge kwa siku 28. Ukigusa neva, kwa mfano uso kupooza upande mmoja, ni wiki mbili hadi tatu. Uso uliopooza peke yake hutibiwa kwa doksisaiklini ya kumeza, na hali nzito zaidi kwa seftriaksoni, antibiotiki ya mshipani. Na ukigusa moyo, mapigo yakaanza kukatika au mtu akazimia, hiyo si ya kusubiri Jumatatu. Mgonjwa hulazwa, moyo ukaangaliwa kwa mashine, akaanzishiwa seftriaksoni ya mshipani, na mara nyingine akawekewa kifaa cha kusukuma mapigo kwa muda. Wengi moyo wao hurudi sawa na kifaa kinaondolewa.

Kuhusu uso kupooza, naomba niseme neno moja. Kwetu mtu akiamka mdomo umekwenda upande, maneno huanza: amerogwa, amepigwa na upepo mbaya, ana presha. Sababu za uso kupooza ni nyingi, kiharusi kikiwemo, na hospitali ni lazima kwa vyovyote. Lakini kama huyo mtu ametoka Pennsylvania au Ujerumani, ambako pia kuna Lyme, miezi miwili iliyopita, mwambieni daktari, hata asipouliza.

Mjamzito hapewi doksisaiklini kwa kawaida, hupewa amoksilini, na hutibika vizuri. Watoto wa chini ya miaka 8 zamani walinyimwa kabisa kwa hofu ya meno kubadilika rangi. Siku hizi madaktari hukubali dozi fupi inapohitajika, ingawa wengi bado huanza na amoksilini.

Sasa turudi jikoni kwa Mama, maana dozi ya siku 28 haimezwi hospitalini. Doksisaiklini haipatani na maziwa. Madini yaliyo ndani yake hushikana na dawa tumboni na sehemu yake haiingii mwilini, na hivyo hivyo vidonge vya kuongeza damu na dawa za kiungulia. Njoro asubuhi ni chai ya maziwa, tena maziwa mengi kuliko maji. Siku ya tatu nikagundua dadangu anateremshia kapsuli kwa chai. Tukakubaliana dawa inamezwa kwa maji, glasi nzima, na kiazi au mkate, kisha chai inangoja saa mbili. Mama aliona kama tunamtukana, mgeni ametoka mbali na ananyimwa chai moto. Mwishowe akaanza kuamka saa kumi na moja alfajiri kumpa dawa na viazi vitamu, ili saa moja chai inywewe pamoja na wengine.

Jingine: usimeze ukalala. Kapsuli ikikwama kooni inachoma, na kidonda chake kinafanya hata kumeza mate kuwe kazi. Kaa wima au tembea nusu saa. Na jua. Dawa hii huifanya ngozi iungue haraka, nyeusi pia, na jua la huku juu ni kali hata siku ya baridi. Dadangu alianika nguo asubuhi moja bila kofia akapata malengelenge puani.

Wengine hupata homa na kutetemeka katika saa 24 za kwanza za dawa, hasa ugonjwa ukiwa bado mpya. Ni bakteria wanaokufa kwa wingi na mwili unaitikia. Hupita. Watu huacha dawa hapo wakidhani imewakataa, na hilo ndilo kosa, ila homa isiposhuka siku ya pili mrudie daktari.

Wiki ya pili goti lilianza kulegea. Wiki ya nne alipanda ngazi za benki mjini bila kushika ukuta. Daktari akatuonya mapema kwamba uvimbe unaweza kuchukua miezi kuisha wote hata bakteria wakiwa wamekufa, na kwamba kama ungebaki mkubwa kungekuwa na hatua nyingine: mwezi mmoja zaidi wa vidonge, au wiki mbili hadi nne za seftriaksoni. Baada ya hapo, goti likikataa bado, antibiotiki zinawekwa kando kabisa na mgonjwa anatibiwa kwa dawa za kutuliza kinga ya mwili, kama zile za baridi yabisi, maana tatizo si kijidudu tena. Sisi hatukufika huko. Alipewa mazoezi ya kunyoosha paja, akayafanya kwenye kiti cha jikoni, na Machi akarudi kazini.

Yaliyofuata ndiyo yaliyoniuma kuliko goti.

Goti lilipona, uchovu ukabaki. Si uchovu wa kazi. Anaamka amechoka, anasoma ukurasa mmoja mara tatu, viungo vinauma leo bega, kesho kifundo. Akapima tena Lyme kule, majibu yakarudi ndiyo. Alinipigia saa nane usiku wetu akilia: bado iko, dozi haikufanya kazi. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba kingamwili hubaki kwenye damu miezi na hata miaka baada ya kupona. Kipimo hicho kinasema uliwahi kukutana na bakteria, hakisemi kama bado unaye. Ndiyo maana madaktari hawakirudii kuangalia kama dawa imefaulu. Kama nilijua hilo mapema ningemwambia kabla hajatoa damu, na angekuwa amelala usiku ule.

Hofu ikishaingia, wauzaji huinusa. Kwenye kundi la WhatsApp la familia yakaanza kuingia matangazo: mwaka mzima wa antibiotiki za mshipani, maji ya kunywa yenye madini ya fedha, sumu ya nyuki, chumba cha kupumulia oksijeni, dawa ya kusafisha damu ya mtaalamu fulani wa mitishamba wa hapa hapa. Kliniki moja ya ng'ambo ilimpigia hesabu iliyozidi shilingi milioni moja. Mjomba akapendekeza harambee. Na kwa sababu tunampenda, tulikuwa tayari. Kadi za mchango zilikuwa karibu kuchapishwa.

Nilimrudia yule daktari wa Nakuru, peke yangu, nikiwa na orodha. Alinikalisha karibu saa nzima. Akaniambia kwanza kwamba uchovu wa dadangu ni wa kweli, na mtu yeyote akimwambia ni wa kujitakia amemkosea. Kati ya kila wagonjwa 100 wa Lyme waliotibiwa inavyotakiwa, kama 5 hadi 10 hubaki na hali hiyo kwa miezi. Kisha akanieleza majaribio. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani waliwapa wagonjwa wa namna hii seftriaksoni ya mshipani siku 30 na doksisaiklini siku 60, na wengine wakapewa dawa bandia, yaani isiyo na tiba yoyote ndani, bila wenyewe kujua. Hakukuwa na tofauti. Mwaka 2016 Waholanzi walichapisha jaribio lao la wagonjwa 280: wote walipata wiki mbili za seftriaksoni, kisha baadhi wakaongezewa wiki 12 za antibiotiki na baadhi dawa bandia. Hakukuwa na tofauti tena. Waliopata nyingi hawakupona zaidi ya waliopata kidogo.

Lakini madhara yanaonekana. Mwaka 2017 taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilieleza habari za wagonjwa 5 waliodhuriwa vibaya na matibabu marefu ya namna hiyo. Mrija unaokaa mshipani kwa miezi ni mlango ulioachwa wazi. Mmoja wao alikufa baada ya vijidudu kuingia kwenye damu kupitia mlango huo. Nilitoka pale nikiwaza zile kadi za harambee. Tungechangisha pesa, kwa upendo wote, tukampeleka mtoto wetu kuwekewa mrija.

Sitawatukana wanaotafuta tiba hizo. Mtu aliyechoka mwaka mzima atashika chochote. Hasira yangu iko kwa anayemuuzia.

Kilichomsaidia dadangu kilikuwa cha kawaida hadi kinakatisha tamaa kukisimulia. Alipimwa vitu vingine vinavyochosha mtu. Damu ikaonekana pungufu kwa kukosa madini ya chuma, akapewa vidonge. Aliomba kuondolewa zamu za usiku, ikachukua miezi miwili kukubaliwa. Alianza kutembea dakika 10 kwa siku, kisha 12, kisha 15, na siku mbaya akirudi kwenye 10 bila kujilaumu. Alipata mtu wa kuzungumza naye kuhusu huzuni, jambo ambalo kwetu bado tunalisema kwa sauti ya chini. Mwezi wa tisa akaniambia amesoma kitabu kizima.

Wasomaji wa hapa wataniuliza, na kupe wetu je? Lyme ni ugonjwa wa Amerika Kaskazini, Ulaya na Asia, na kupe wanaoubeba ni wa jamii ya Ixodes, wale wa misitu ya kule. Kupe wa kahawia aliye kwenye masikio ya ng'ombe wa Njoro anawaua ng'ombe kwa ndigana, lakini siye wa Lyme. Kwa hiyo kama hujawahi kutoka Kenya na goti lako limevimba, mwache daktari atafute mengine kwanza. Hata hivyo kupe wetu si salama kwa watu. Wapo wanaoleta homa ya kupe, yenye kidonda chenye kigaga cheusi pale alipouma, na hiyo pia hutibiwa kwa doksisaiklini. Ukienda hospitali na homa, taja ng'ombe, taja josho, taja mbwa.

Na ukirudi kutoka kule ukiwa na homa, kuna hili: kupe yule yule wa Lyme anaweza kubeba pia babesia, kijidudu kinachoingia kwenye chembe nyekundu za damu. Wafugaji wanamjua ndugu yake kwa mkojo mwekundu wa ng'ombe. Chini ya darubini kinaweza kufanana na malaria, na doksisaiklini haikitibu. Mpimaji akijua umetoka Massachusetts ataangalia mara mbili.

Ukimkuta kupe amekushika, sahau mafuta ya taa na kiberiti tulivyofundishwa utotoni. Kibano chembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumsokota, osha kwa sabuni. Kupe wa Lyme kwa kawaida huhitaji saa 36 au zaidi akiwa ameshikilia kabla ya kukuambukiza, hivyo anayejikagua kila jioni anamtangulia. Ikijulikana alikaa muda huo, katika eneo la ugonjwa, daktari anaweza kukupa dozi moja tu ya kinga, doksisaiklini miligramu 200, ndani ya saa 72 tangu umtoe. Tatizo ni kumwona. Yule mchanga, ambaye huambukiza wengi, ni mdogo kama mbegu ya wimbi, na hupenda kwapa, kinena, nyuma ya goti, ndani ya nywele. Nywele zetu zikisukwa, mtu mwingine akusaidie kutazama mistari.

Chanjo iliwahi kuuzwa Marekani kuanzia mwaka 1998, ikaondolewa sokoni mwaka 2002, kwa hiyo kilichobaki ni mavazi. Suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi, na nguo zilizopuliziwa pemetrini, dawa ya kuua wadudu. Dadangu aliponitumia picha ya chupa yake nilimwonyesha Mama. Dawa hiyo imetengenezwa kwa kuiga nguvu ya pareto, ua ambalo Mama alilichuma Molo akiwa msichana na kulipeleka kwa magunia kiwandani Nakuru. Aliitazama picha ile muda mrefu, akasema, "Kumbe ua lilimtangulia kufika."

Mei hii mzee wa Worcester bado anapenda kukaa nje, na bado wanakusanya majani. Kila Jumapili simu ya video ikiita, Mama hamjulii hali kwanza. Anamwambia ageuke, akunje suruali, asogeze simu karibu na mwanga. Dadangu ana miaka 34, na anageuka.